Mutoto anachora, baba anasahihisha

Kule Katuba, mjini Lubumbashi, kuna binti mumoja anayejifunza sanaa na kuchora hadisi za masanamu, ndiyo BD. Muchana iko ku masomo. Magaribi anasaidia mama kupika bukari. Usiku, umeme ukikatika, anachora mbele ya mushumaa. Mufano wake ni Barly Baruti, mutoto wa Kisangani.

Kila ukurasa anaupeleka kwanza kwa watu. Mwalimu alisifu vivuli. Marafiki walicheka vizuri. Lakini yeye hatafuti sifa: "Sifa haionyeshi kosa iko wapi."

Juma lililopita alimuonyesha baba yake, aliyefanya kazi miaka mingi chini ya udongo kule Kipushi, ukurasa wa muchimbaji anayetoboa jiwe. Muzee alivaa miwani, akanyamaza.

"Uyu mutu iko yeye moja? Shiye atushukaka mutu mumoja. Na nani alipika jiwe ya yulu?"

Akamueleza: kabla ya kazi, jiwe la juu linagongwa na chuma kirefu. Likilia sawa kengele, ni zima. Likilia sawa ngoma, limeachana. Liangushwe kwanza, ndipo kazi ianze.

Kazi ile ilitakiwa shuleni kesho yake. Binti alipasua ukurasa, akaanza upya. Kulipokucha, wachimbaji walikuwa wawili, na mumoja alishika chuma, akisikiliza.

Wazazi, mutoto akikuletea karatasi yake, usimwambie tu "ni muzuri". Mwambie ile unayojua.