Usiyadharau mate, ndiyo askari wa meno yako

Huenda nawe una nyanya nyumbani ambaye hakosi peremende kwenye fundo la leso. Ukimwuliza, atakwambia kinywa chake kimekauka tangu aanze kumeza tembe za shinikizo la damu, na peremende humletea mate. Alikuwa akitafuna muwa kwa meno yake mwenyewe hadi juzi. Sasa yanamong'onyoka moja baada ya jingine karibu na ufizi, na jamaa wote wanasema ni uzee.

Si uzee, msomaji. Ni mate yaliyopungua, na peremende ikamalizia kazi.

Hebu chukua kipande cha mkate mtupu, ukitafune polepole kwa dakika moja bila kukimeza. Utahisi kinageuka kuwa kitamu, kwa sababu mate yameanza kuuvunja wanga kuwa sukari. Hayo tulifunzwa shuleni. Tusilofunzwa, angalau darasani kwangu, ni kwamba mate hayo hayo ndiyo yanayoyalinda meno.

Kwa siku moja mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu. Mengi hutoka katika jozi 3 za tezi: zilizo mbele ya masikio (zile zinazovimba mtoto akiugua matubwitubwi), zilizo chini ya taya na zilizo chini ya ulimi. Karibu asilimia 99 ya mate ni maji. Katika hicho kidogo kinachosalia mna madini ya kalisiamu na fosfeti, pamoja na protini zinazopigana na viini.

Unapokunywa chai ya sukari, viini vilivyogandamana kwenye meno huila sukari hiyo na kutoa asidi. Asidi huyeyusha madini ya jino. Hapo mate huosha mabaki, huipunguza asidi makali na kulirudishia jino madini yake. Lakini kazi hiyo huchukua nusu saa, wakati mwingine hata saa nzima.

Sasa mfikirie karani anayekunywa soda moja kwa mafunda madogo madogo tangu saa nne hadi adhuhuri. Kila funda huanzisha vita upya kabla mate hayajamaliza vile vya kwanza. Mzazi utashangaa nikisema hivi, lakini ikiwa mwanao lazima ale peremende tano, afadhali azile zote mara moja baada ya chakula cha mchana kuliko kula moja kila saa.

Usiku nao ni hatari. Tukilala, tezi karibu zinaacha kazi. Mtoto anayelala na chupa ya maziwa au sharubati mdomoni hukesha na sukari isiyooshwa, na meno yake ya mbele ya juu ndiyo huoza kwanza. Kama kwako ni shida kupiga mswaki mara mbili, basi ule wa kabla ya kulala usiukose kamwe.

Na vijana wa miraa? Miraa hukausha kinywa, nao huteremshia soda na chingamu ya sukari usiku kucha. Sihitaji kueleza zaidi.

Tukirudi kwa nyanya, si dawa za shinikizo pekee zinazokausha mate. Zipo za mzio, za mfadhaiko wa akili na nyinginezo nyingi. Kisukari kisichodhibitiwa pia hukausha kinywa, na tiba ya miale ya saratani ya kichwa au shingo huweza kuziharibu tezi zenyewe. Dalili ni kama ulimi kunata, mkate kukataa kumezeka bila maji, au kuamka usiku kwa sababu ya kiu.

Asiache dawa hata siku moja, kwani shinikizo huua. Badala ya peremende, awe na chupa ya maji karibu anywe kidogo kidogo, au atafune chingamu isiyo na sukari ikiwa meno yanamruhusu. Atumie dawa ya meno yenye floraidi. Na siku utakayompeleka kwa daktari wa meno, tia tembe zake zote mfukoni umwonyeshe daktari kabla hajashika koleo. Daktari wake wa shinikizo naye aambiwe kuhusu ukavu huo, kwani mara nyingine kuna tembe nyingine anayoweza kumbadilishia.