Mwanafunzi wa informatika na kibanda chake cha simu

Wazazi wengi waliokimbia vijiji vyao hujiuliza: kijana anayesoma informatika atapata kazi gani hapa tulipo, na ofisi zenyewe ni chache? Sisi tunasema asingoje ofisi. Elimu yake inaweza kuanza na kibanda kidogo. Lakini kibanda hicho kinahitaji vitu viwili: hesabu na uaminifu.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kalemie, katika jimbo la Tanganyika, ambako vita kati ya Batwa na Baluba mwaka 2016 na 2017 vilihamisha familia nyingi. Tangu utoto anapenda kufungua redio mbovu aone kilichomo. Jioni anacheza mpira na vijana wenyeji. Shuleni anajifunza kompyuta na umeme. Nia yake ni kuchaji na kutengeneza simu.

Aanze na hesabu. Paneli ya jua ya wati 100, ikipata saa 4 za jua kali, hutoa karibu wati-saa 400. Sehemu hupotea katika waya na betri, basi ategemee 280 hivi. Simu kubwa ya kisasa huhitaji karibu wati-saa 20 ili ijae. Simu ndogo ya vitufe huhitaji kama robo ya hizo. Maana yake, kwa siku moja anaweza kujaza simu kubwa 14, wala si 40. Akipokea nyingi kupita uwezo, jioni watu watakuta simu zao hazina moto, na ugomvi utaanza. Tena, akitumia betri ya gari, asiimalize chini ya nusu kila siku, kwani itakufa upesi na mtaji utakwenda nayo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Ndani ya simu mna picha za watoto, namba za ndugu waliobaki kijijini na ujumbe wa siri. Mahali palipopita vita, picha moja ikitolewa humo na kuzungushwa kwa watu inaweza kuamsha chuki upya. Kwa hiyo fundi afuate mambo haya:

- Aifungue simu mbele ya mwenyewe, na amrudishie kadi zake kabla ya kuanza kazi.
- Asifungue picha wala ujumbe.
- Aandike kila simu katika daftari, na ampe mwenyewe kipande cha karatasi chenye namba.
- Bei iwe moja kwa mkimbizi na kwa mwenyeji, nayo ibandikwe mlangoni.

Ninyi viongozi, mna kazi yenu. Msaidieni kijana kupata kiwanja kwa makubaliano na chifu wa wenyeji, na mweleweshe mapema juu ya patanti na kodi nyingine, asije akafungiwa. Simu ikipotea, daftari lisomwe mbele ya pande zote mbili kabla ya mtu kushitakiwa.

Nanyi wazazi, msimwambie aache masomo kwa kuwa ameanza kupata pesa. Kibanda kinaweza kulipa karo, na masomo yatakikuza kibanda. Mwenyeji anayemwachia mkimbizi simu yake asubuhi na kuichukua jioni ikiwa salama, kesho hataogopa kumsalimia njiani.