Asali: Kasi ya mpini yaweza kukutia hasara

MFUGAJI nyuki anayezungusha mashine ya kukamulia asali kwa kasi kubwa tangu mwanzo hujitia hasara mwenyewe. Masega hukatika, nta huchanganyika na asali, na nyuki hulazimika kujenga upya badala ya kukusanya asali.

Mashine hiyo ilibuniwa mwaka 1865 na Franz von Hruschka, ofisa wa zamani wa jeshi la Austria aliyefuga nyuki karibu na Venice. Ni pipa lenye kizimba cha waya ndani. Fremu zilizokwisha kukatwa vifuniko vya nta husimamishwa kwenye kizimba, kisha mpini huzungushwa.

Wengi hudhani ipo nguvu inayoisukuma asali nje. Ukweli ni kwamba kila kitu kinachokwenda hutaka kwenda moja kwa moja. Ili kizunguke, lazima kivutwe kuelekea katikati. Fremu hushikiliwa na kizimba, hivyo huzunguka. Asali haishikiliwi vya kutosha; huponyoka, hugonga ukuta wa pipa na kuteremka chini.

Hatari iko hapa: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne.

Chukua fremu yenye kilo 2 za asali, kilo moja kila upande, ikiwa sentimeta 25 kutoka katikati. Asali ya upande wa ndani haina pa kutokea, hivyo hulielemea sega. Kwa mizunguko 60 kwa dakika, mzigo huo ni sawa na kilo moja. Kwa mizunguko 120 ni kilo 4. Kwa 240 ni kilo 16, na sega jipya, laini, haliwezi kuhimili.

Kwa hiyo, anza pole pole. Upande wa nje ukitoa kama nusu ya asali yake, simamisha na ugeuze fremu. Kamua upande wa pili hadi uishe, ukiongeza kasi kidogo kidogo, kisha rudia ule wa kwanza na umalizie.

Panga pia fremu zenye uzito unaokaribiana zitazamane. Upande mmoja ukiwa mzito, mashine hutikisika na beringi huchakaa mapema.

Sega lililotoka zima hurudishwa mzingani, na nyuki hulijaza tena bila kupoteza muda wa kujenga.