Panda Maua, Upate Malenge

Pengine umeona jambo hili shambani mwako: malenge yametambaa vizuri, maua ya manjano ni tele, lakini kila tunda changa hunyauka na kuanguka. Usiharakishe kulaumu mbegu. Mara nyingi kilichokosekana ni nyuki.

Malenge yana maua ya namna mbili. Ua la kiume lina kikonyo chembamba; ua la kike lina tunda dogo nyuma yake. Chavua ya ua la kiume ni lazima ifike kwenye la kike, nayo hunata, upepo hauwezi kuichukua. Kazi hiyo ni ya nyuki, na nafasi yao ni fupi, kwa maana ua hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana kutwa.

Lakini nyuki hakai pasipo na chakula. Malenge yakiisha kuchanua, atakula nini?

Tuwatazame watu wa Nairobi. Kibera na Kawangware nyumba zimebanana, ardhi ni haba. Mwaka 2008 shirika la Solidarités lilianza kuwafundisha watu wa Kibera kupanda mboga katika magunia: udongo na samadi, nguzo ya mawe katikati ya kupitisha maji, na miche katika matundu ya ubavuni. Sukuma wiki haihitaji nyuki, kwani twala majani. Lakini mwenye kutaka malenge mlangoni pake aweza kuongeza gunia moja la maua, akaliweka mahali penye jua tangu asubuhi.

Si lazima kununua maua ya kigeni. Ya kwetu yafaa sana:

1. Mitoo. Chuma majani ya mboga, lakini acha mashina machache yachanue. Nyuki mkubwa mweusi atoboaye miti huyapenda maua yake.

2. Kivumbasi. Huwavuta nyuki wa asali na wale wadogo wasiouma. Harufu ya majani yake hufukuza mbu.

3. Kunde. Acha mistari michache itoe maua na mbegu.

Wewe mkulima wa skimu, panda mimea hii ukingoni mwa shamba mvua za Machi zinapoanza, na tena Oktoba, ili maua yafuatane. Acha kipande kidogo cha udongo mkavu usiolimwa, kwa kuwa nyuki wengi huchimba vishimo humo na kuzaa.

Jambo kubwa ni dawa ya wadudu. Anayenyunyiza asubuhi maua yakiwa wazi huwaua wafanyakazi wake mwenyewe, wasiodai mshahara. Ikiwa ni lazima, nyunyiza jioni nyuki wakiisha kurudi, na ufuate maagizo ya kopo. Ukiwa na shaka, muulize Bwana Shamba.

Gunia moja lapata nafasi mlangoni Kibera. Ukingo wa ekari zako hautakushinda.