Kichaa cha Mbwa: Somo la Kisiwa cha Pemba

Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika. Takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15, na karibu maambukizi yote ya binadamu hutokana na mbwa. Nchini Tanzania, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, idadi iliyozidi takriban mara mia ile iliyokuwa ikiripotiwa rasmi. Tofauti hiyo inatokana na jambo ambalo wahudumu wa afya vijijini wanalifahamu: wagonjwa wengi hufia nyumbani bila kuandikwa katika daftari lolote.

Husemwa kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Kwa ugonjwa huu, tiba haipo kabisa mara dalili zinapoanza. Kilichopo ni kinga peke yake, nayo hutolewa kwa njia mbili: kumchanja mtu aliyeng'atwa kabla virusi havijafika kwenye ubongo, na kumchanja mbwa kabla hajaambukizwa. Utafiti uliofanyika katika kisiwa cha Pemba umeonyesha kwa uwazi kila njia hufanya nini, na nini hutokea moja inapoachwa.

Safari ya virusi mwilini

Virusi vya kichaa cha mbwa huishi katika mate ya mnyama mgonjwa. Humwingia mtu kupitia jeraha la meno, mkwaruzo, au mate yanapogusa kidonda kibichi, macho au mdomo. Kutoka hapo hupanda polepole kwa kufuata mishipa ya fahamu kuelekea kwenye uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au kufikia mwaka. Jeraha likiwa kichwani, shingoni au mikononi, muda huwa mfupi zaidi.

Katika kipindi hicho mgonjwa hahisi chochote, na kidonda mara nyingi huwa kimekwisha kupona. Ndiyo sababu familia nyingi huamini hatari imepita. Lakini mgonjwa anapoanza kuwashwa mahali alipong'atwa, kupata homa na fadhaa, na hatimaye kukabwa na misuli ya koo kila anapojaribu kunywa maji, nafasi ya kuokoa maisha huwa imepotea.

Yaliyobainika Pemba

Matokeo ya utafiti wa Pemba yalichapishwa mwaka 2023 na timu iliyoongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara. Watafiti walifuatilia matukio ya kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Walianza na kumbukumbu za majeruhi wa mbwa waliofika katika vituo vya afya, wakawatafuta majeruhi hao na wenye wanyama, kisha wakauliza mbwa aliyehusika alitoka wapi na aliwang'ata wanyama au watu gani wengine. Sambamba na hayo, walisoma vinasaba vya virusi vilivyopatikana katika sampuli za wanyama ili kujua virusi vipi vina asili moja.

Kwa kuunganisha njia hizo mbili, walitambua minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwa ikiendelea kisiwani kwa wakati mmoja tangu mwaka 2010. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka ilipoanzishwa na kuboreshwa hadi kukifikia kisiwa kizima, idadi ya mbwa wagonjwa, ya watu waliong'atwa na mbwa hao na ya vifo ilipungua hatua kwa hatua. Kufikia Mei 2014, minyororo yote mitano ilikuwa imekatika.

Baada ya hapo, chanjo ya mbwa ikasita. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingia tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili, na mlipuko mpya ukaanza miongoni mwa mbwa ambao hawakuwa na kinga. Ilibidi kampeni ya kisiwa kizima irudishwe, na mlipuko huo ukakomeshwa Oktoba 2018. Hivyo, hata eneo lililozungukwa na bahari halibaki salama likiacha kuchanja.

Watafiti walilinganisha pia gharama. Chanjo wanayopewa watu waliong'atwa ilikadiriwa kugharimu dola za Marekani 256 kwa kila kifo kinachozuiwa. Chanjo hiyo ikitolewa bure pamoja na chanjo ya mbwa ya kila mwaka, gharama ilikuwa dola 1,657. Mtu akitazama tarakimu hizo peke yake anaweza kudhani njia ya kwanza inatosha. Lakini chanjo ya binadamu humwokoa aliyeng'atwa leo na kumwacha mbwa aendelee kuambukiza kesho. Ni chanjo ya mbwa pekee inayokata mnyororo. Kwa Pemba, kudumisha hali ya kutokuwa na ugonjwa huziepusha zaidi ya familia 30 kila mwaka na madhila ya kung'atwa na mbwa mwenye kichaa.

Kwa nini asilimia 70

Wataalamu hupendekeza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika kila kampeni. Kiwango hicho kina sababu yake. Kwa wastani, mbwa mgonjwa huambukiza mbwa wachache, chini ya wawili, kwa hiyo mnyororo unaweza kukatika hata kama si mbwa wote waliochanjwa. Tatizo ni kwamba mbwa huzaliana haraka na kufa mapema. Kila mwezi watoto wa mbwa wasio na kinga huongezeka, na waliochanjwa hupungua. Kuanza na asilimia 70 huacha akiba ya kutosha hadi kampeni ya mwaka unaofuata. Watoto wa mbwa wenye umri chini ya miezi mitatu nao wachanjwe. Kuwarudisha nyumbani bila chanjo ni kuacha pengo kubwa.

Kikwazo kingine kimekuwa ubaridi unaohitajika kuhifadhi chanjo. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa aina moja ya chanjo ya mbwa, ikihifadhiwa katika nyuzijoto 25 kwa miezi sita au nyuzijoto 30 kwa miezi mitatu, iliwapa mbwa kingamwili zisizopungua za wale waliopewa chanjo iliyotoka kwenye jokofu. Matokeo hayo yamefungua njia ya kuweka chanjo vijijini katika vyungu maalumu vya udongo vinavyopozwa na mvuke wa maji, na kuchanja mwaka mzima. Matokeo hayo hayahusu chanjo za binadamu, ambazo lazima ziendelee kutunzwa katika mnyororo wa ubaridi.

Mtu anapong'atwa

Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata likiwa dogo. Pilipili, majivu, mafuta na dawa za mitishamba visipakwe. Majeruhi afike kituo cha afya siku hiyohiyo. Aliyechelewa naye asikataliwe, maadamu dalili hazijaanza.

Chanjo ikitolewa ndani ya ngozi, ratiba inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni siku ya 0, ya 3 na ya 7, sehemu mbili za mwili kila mara. Ngozi ikiwa imetoboka, au mate yakiwa yamegusa macho au mdomo, immunoglobulini ya kichaa cha mbwa huongezwa siku ya kwanza. Ujauzito na uchanga wa mtoto si sababu ya kuzuia chanjo. Ikiwezekana, kushona jeraha kuahirishwe.

Mbwa akiwepo na akionekana mzima, awekwe chini ya uangalizi kwa siku 10 huku majeruhi akiendelea na chanjo. Mbwa akibaki na afya njema siku zote hizo, chanjo inaweza kusitishwa.

Kazi ya mhudumu wa afya haiishii kwenye sindano. Simu moja kwa ofisa mifugo wa kata, ikieleza mbwa alitoka wapi na amewang'ata kina nani wengine, inaweza kuwafikia majeruhi ambao hawajui kuwa wamo hatarini. Pemba, ufuatiliaji ulianzia katika kumbukumbu kama hizo: jina la majeruhi, kijiji alikotoka na mbwa aliyemng'ata.