Mita 50 Si Mita 10 Mara Tano

Bunduki ya hewa iliingia katika michezo ya Olimpiki mwaka 1984, mjini Los Angeles. Mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, na alama ya 10 ya bunduki ndefu ni kitone cha nusu milimita. Anayekipata kitone hicho mara kwa mara, je, mita 50 zitamshinda? Zinaweza kumshinda, tena vibaya. Wiki hii tutazame sababu zake.

Nchini Uingereza upo mchezo wa kulenga sanamu za wanyama za chuma, zilizowekwa uwanjani au msituni kwa umbali mbalimbali, usiozidi yadi 55, yaani mita 50 hivi. Kila sanamu ina tundu, na la kawaida lina kipenyo cha milimita 40. Risasi ikipita tunduni, sanamu huanguka. Ikigonga pembeni, sanamu haianguki. Na umbali mlengaji haambiwi.

Adui wa kwanza ni mvutano wa dunia. Risasi ya milimita 4.5, yenye uzito wa nusu gramu hivi, hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 240 kwa sekunde. Ikifika mita 25 imeshuka sentimita 6 hivi chini ya mstari wa mtutu. Ikifika mita 50 imeshuka kiasi cha sentimita 25. Kwa hiyo anayekisia mita 45 mahali penye mita 50 hupiga chini ya tundu, hata kama mkono wake haukutikisika.

Adui wa pili, na ndiye mkubwa, ni upepo. Kosa la mkono hukua sawasawa na umbali: milimita 1 kwenye mita 10 huwa milimita 5 kwenye mita 50. Kosa la upepo halikui hivyo. Upepo wa ubavuni wa mita 1 kwa sekunde, ambao hupinda moshi wa sigara na kuliacha tawi limetulia, huisogeza risasi milimita 1 hivi kwenye mita 10. Kwenye mita 50 huisogeza sentimita 3 hivi. Umbali umeongezeka mara 5, kosa zaidi ya mara 20, na tundu limekwisha kukosekana.

Wapo watakaosema: basi tuongeze nguvu. Hilo nalo lina mipaka. Huko Uingereza bunduki ndefu ya hewa inayozidi jouli 16.3 huhitaji kibali cha silaha. Isitoshe, risasi hizi zenye kiuno chembamba huyumba zikikaribia kasi ya sauti, ambayo ni mita 340 hivi kwa sekunde.

Kinachofaa zaidi ni usawa. Mgandamizo wa hewa uwe uleule kila pigo, risasi ziwe za uzito mmoja, na mwenye bunduki ya springi aishike vilevile kila mara, kwa maana hiyo huruka kabla risasi haijatoka mtutuni.

Yote hayo yakishatimia, upepo bado upo, na hauuzwi dukani. Nahodha husoma upepo tangani. Mlengaji huusoma kwenye nyasi na majani. Akiona umegeuka, hushusha bunduki, akangoja.