Spika Imenyamaza? Pima Waya Kabla ya Kununua Nyingine

Kisiwani Pate magari ni machache, lakini redio ya gari haihitaji gari. Inachotaka ni volti 12 tu, na volti hizo zinapatikana kwenye betri ya sola sebuleni au betri ya mashua. Kwa hiyo ugonjwa wa spika za gari unatuhusu sisi wa Faza, Siyu na Kizingitini kama unavyomhusu dereva wa matatu kule Mombasa.

Mambo huwa hivi. Spika moja inanyamaza, na mwenyewe anasema, "Hii imekufa." Anangoja maji yajae, anapanda boti kwenda Lamu, analipa nauli ya kwenda na kurudi na kununua spika mpya. Akiifunga, kimya vilevile! Kumbe spika ilikuwa nzima, na mgonjwa alikuwa waya. Pesa zimekwenda, na zilikuwa za karo au za nyavu. Tujifunze basi kupima kwanza.

Zijue nyaya zako

Redio nyingi za gari zinazouzwa madukani hufuata rangi hizi:

- Njano: umeme wa betri wa wakati wote.
- Nyekundu: umeme wa kuwashia.
- Nyeusi: hasi ya betri.
- Nyeupe: spika ya mbele kushoto.
- Kijivu: spika ya mbele kulia.
- Kijani: spika ya nyuma kushoto.
- Zambarau: spika ya nyuma kulia.

Kila spika ina nyaya mbili za rangi moja. Ule mtupu ni chanya, na wenye mstari mweusi ni hasi ya spika. Lakini sikiza vizuri: hasi ya spika SIYO hasi ya betri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu redio.

Redio za zamani sana zilikuwa na waya mmoja wa spika, na wa pili ulifungwa kwenye bodi ya gari. Za siku hizi sivyo. Redio ikiwaka, kila waya wa spika unabeba karibu nusu ya volti za betri, yaani kama volti 6. Ukiugusisha na hasi ya betri, au na chuma cha injini ya mashua, ni shoti. Redio itajizima kujilinda, na isipowahi itaungua.

Kosa lingine ni la kubana matumizi: mtu anavuta nyaya tatu badala ya nne, akiunganisha hasi za spika mbili pamoja. Usifanye hivyo. Kila spika ipewe nyaya zake mbili mpaka kwenye redio.

Hatua za kupima

Unahitaji jiwe moja la tochi, kisu na kipande cha waya. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, vizuri zaidi. Zima redio kila unapofungua au kufunga waya.

1. *Badilisha spika.* Chukua ile iliyonyamaza, uifunge kwenye nyaya za ile inayolia. Ikilia, spika ni nzima. Tafuta ubovu kwenye waya au redio. Isipolia, nenda hatua ya pili.

2. *Jiwe la tochi.* Ondoa spika kabisa kwenye redio. Gusisha jiwe la volti 1.5 kwenye ncha zake mbili, mguso mfupi tu. Spika nzima itatoa mlio "kra" na karatasi yake itasogea. Ikisogea mbele, ncha iliyoguswa na chanya ya jiwe ndiyo chanya ya spika. Isipotoa mlio wowote, tazama ule waya mwembamba uliosukwa unaoingia kwenye karatasi. Mara nyingi umekatika hapo tu, na fundi anaweza kuulehemu.

3. *Mita.* Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe, uone inasoma ngapi, kisha utoe hesabu hiyo. Spika iliyoandikwa omu 4 husoma kati ya 3 na 4, na ya omu 8 husoma kama 6 au 7. Ikisoma sifuri, koili imeshikana. Isiposoma kitu, imekatika.

4. *Pima waya wenyewe.* Fungua waya pande zote mbili, upande wa redio na wa spika. Pima kati ya nyaya mbili: mita isisome kitu. Ikisoma, zimegusana mahali. Kisha zishikanishe kwa mbali na upime tena: sasa isome karibu na sifuri. Isiposoma, mmoja umekatika. Mwisho pima kila waya na hasi ya betri: pia isisome kitu.

5. *Pima redio.* Spika na waya vikiwa vizima, geuza mita iwe ya volti za betri na uwashe redio, sauti ikiwa chini kabisa. Pima kati ya nyaya mbili za spika moja. Inatakiwa karibu na sifuri. Ukikuta volti kadhaa, upande huo wa redio umekufa, na utaunguza kila spika utakayofunga. Hapo ndipo safari ya kwa fundi ina maana.

Dalili nyingine

*Zote zinalia lakini besi hakuna.* Huenda spika moja imefungwa kinyume: moja inasukuma, nyingine inavuta. Geuza nyaya za moja tu kati yao, kisha usikilize.

*Redio inazima ukipandisha sauti.* Pima betri kwanza. Betri ya maji iliyojaa, ikipumzika, husoma kama volti 12.6, ikiwa chini ya 12, ina njaa. Kama betri ni nzima, angalia waya ulioshikana, au spika mbili za omu 4 zilizofungwa sambamba kwenye upande mmoja. Hizo zinakuwa omu 2, mzigo ambao redio nyingi haziuwezi.

*Inakatika na kurudi.* Tikisa waya taratibu kuanzia spika hadi redio. Mara nyingi ni kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu tu.

Adui yetu ni chumvi

Hewa ya bahari hula shaba. Waya unaweza kuonekana mzima kwa nje, ndani umekuwa wa kijani au mweusi. Kata nyuma kidogo kidogo mpaka ukute shaba inayong'aa, kisha ulehemu, upake grisi na kufunika vizuri. Ukinunua waya, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba; huo hukatika na kuliwa upesi. Kwenye mashua, weka viungo juu mbali na maji, na waya unaoingia kwenye spika uning'inie kidogo chini ili maji yadondoke yasiifikie ncha.

Usicheze na fyuzi

Betri ya volti 12 haikurushi ukiishika, na kwa hiyo watu huidharau. Lakini ikipigwa shoti inaweza kufanya waya kuwa mwekundu kama kaa la moto. Kwenye nyumba ya makuti, au kwenye mashua yenye petroli katikati ya bahari, huo ni msiba. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya karibu na betri, isizidi shubiri moja. Saizi iwe ile iliyoandikwa kwenye redio. Ikikatika, usiweke waya wala karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi imekatika kwa sababu. Itafute sababu hiyo.

Mita moja inaweza kutumika na mtaa mzima, au na kikundi cha vijana au cha wavuvi. Anayejua amfundishe mwenzake. Na ikibidi kwenda Lamu, nenda ukijua unachokwenda kununua. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.